Mwanangu, kuhusu wale kumi na wawili ndani ya treni

Mwanangu Neema,

Hujambo? Sisi huku Makadara tu wazima. Juzi tulipomaliza kutazama Murder on the Orient Express, ile ya televisheni ya mwaka 2010 ambayo David Suchet anaigiza mpelelezi Poirot, uliniuliza: "Mama, yule mtu aliua mtoto mdogo. Waliomchoma visu walikosea nini?" Nikanyamaza, nikaenda kuosha vyombo.

Riwaya yenyewe, ya Agatha Christie ya mwaka 1934, niliisoma nikiwa msichana, na mwisho wake haukuninyima usingizi. Poirot anatoa maelezo mawili ya mauaji, mkubwa wa shirika la treni anachagua yale ya uongo, hadithi imekwisha. Waliotengeneza filamu hawakukubali iishe kirahisi hivyo. Poirot wao anawafokea wauaji kwamba sheria ikianguka huokotwa na kuinuliwa juu zaidi. Mwishowe anawaachilia, kisha anaondoka katika theluji ameshika rozari, machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo nilipoinuka.

Nilikuwa na mimba yako siku ile sokoni Gikomba. Kelele za "mwizi!" zilipigwa mara moja tu. Mafundi niliokuwa nikishona nao, watu wa heshima zao, waliacha cherehani wakaokota mawe. Kulipotulia, ndara moja ya buluu ilibaki kando ya mtaro, ukanda wake umefungwa kwa waya. Jioni akaja mama mmoja, akaiokota, akaigeuza, akauona ule waya, akaanza kuita jina. Kabla ya hapo hakuna kati yetu aliyekuwa amelisikia. Mimi sikurusha jiwe, Neema, lakini mdomo wangu pia sikuufungua.

Epikuro, yule Mgiriki, alifundisha kwamba kifo si kitu kwetu: tulipo, hakipo, kikija, hatupo. Neno hilo hunituliza usiku presha inapopanda. Ila kwa mama mwenye ndara mkononi halina la kusema. Hapo namsikiliza John Mbiti, yule mwanatheolojia, mwana wa Kitui. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alichukua maneno yetu mawili, sasa na zamani. Marehemu hukaa katika sasa maadamu wapo waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Nao wakiisha, anazama katika zamani. Ndiyo maana kwenye matanga hatuchoki kumsimulia mtu. Na ndiyo maana hadithi za upelelezi hunitia wasiwasi ingawa nazipenda: maiti huletwa mapema ili tufumbue fumbo, na ni nadra kumwona anayeililia. Huyu Ratchett aliyeuawa ndani ya treni, hata jina hilo si lake.

Alikuwa mwovu, simtetei. Lakini katika riwaya kila mmoja alichoma mara yake, hata isijulikane ni jeraha la nani lililoua. Gikomba pia hakuna aliyejua ni jiwe la nani. Walikosea hapo, mwanangu: waligawana kifo cha mtu vipande vidogo vidogo, kila mmoja akaweza kwenda nyumbani kulala. Aliyebaki na mzigo mzima ni Poirot, ambaye hakushika kisu. Mimi ningetaka awakabidhi kwa polisi, na najua ningelia akifanya hivyo.

Jina la kijana yule bado ninalo. Ukija Jumapili nitakutajia, ulijue na wewe.

Mama yako