Diploma ya wanyamapori, kisha nini?
Mdogo wangu wa Nakuru, umeuliza kama diploma itakufikisha kwenye utafiti na kufundisha chuo kikuu. Haitoshi: shahada, uzamili, halafu uzamivu. Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapo Njoro, anza kuulizia huko.

Ila usingoje vyeti ndipo ujifunze kuhesabu wanyama. Ukitembea kwenye mstari wa sensa, yaani njia iliyonyooka unayofuata ukihesabu, ukaona swalapala, pima umbali kutoka mstarini, kwa nyuzi 90, hadi aliposimama kabla hajashtuka. Wengi hukadiria kwa macho; kila kundi linaandikwa liko mita 10 au 20, na makadirio yote ya idadi ya wanyama yanapinda. Lenga kuona na kupima makundi 60 hadi 80. Pima kwa kifaa cha leza, macho hudanganya.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, omba mapema.