Epikatekini ya kakao na seli T za mtoaji: ya kuangalia unapoanza

Ukijiunga na maabara inayochunguza kama epikatekini, kemikali ya asili iliyomo kwenye kakao, inaweza kutuliza pandikizi la uboho ambalo seli T zake (seli za kinga za mtoaji) humshambulia mpokeaji, anza na shaka. Matokeo ya kupendeza huja upesi kwenye kazi hii, na mengine hayahusiani na kinga hata kidogo.

Yeyusha 2.9 mg za epikatekini katika 1 mL ya DMSO (kiyeyushi cha maabara), upate milimola 10 kwa lita. Gawa kwenye vichupa vidogo, kinga na mwanga, hifadhi kwenye nyuzi −80. Kichupa kilichokwisha yeyuka kisigandishwe tena. Kikigeuka manjano au kahawia, mwaga.

Sahani ya visima, ambamo seli hukuzwa, ndiyo inayopotosha wengi. Kwenye kimiminika cha kukuzia seli chenye pH ya 7.4, epikatekini huoksidika na inaweza kuzalisha peroksidi ya hidrojeni. Seli T zikiacha kugawanyika, huenda zimetulizwa, huenda zimeuawa tu. Kwa hiyo weka visima vyenye katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi: athari ikitoweka, ulikuwa unapima peroksidi. Ongeza rangi ya kutambua seli zilizokufa, na DMSO kiasi kilekile kwenye visima vya kulinganishia. Angalia pia kipimo. Baada ya kumeza, damu hubeba zaidi epikatekini iliyounganishwa na glukuronidi na salfeti kuliko ile ghafi, tena kwa kiwango kidogo. Grafu nzuri ya mikromola 100 kwa lita, kiwango kinachozidi mno kile cha damu, isikusisimue.

Kwa panya, mpangilio uliozoeleka ni mtoaji wa aina ya C57BL/6 na mpokeaji wa aina ya BALB/c. Mpokeaji hupigwa mionzi ya takriban grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), ikigawanywa mara mbili, kisha hudungwa seli milioni 5 za uboho ulioondolewa seli T, pamoja na seli T kama milioni 1 kutoka kwenye wengu. Rekebisha idadi hiyo kwa panya wa kwenu. Usithubutu kuacha kundi linalopewa uboho peke yake: panya wote hupungua uzito wiki ya kwanza kwa sababu ya mionzi, na hilo kundi ndilo litakuonyesha nani anapona na nani anaanza kushambuliwa.

Alama za ugonjwa ni tano: uzito, mgongo kujikunja, uchangamfu, manyoya, ngozi. Kila moja 0 hadi 2, na anayepima asijue nani kapewa nini. Je, uchanganye matibabu ndani ya kila kizimba panya wanapogawanywa? Huna budi kufikiri: panya hula kinyesi cha wenzao, bakteria na hata dawa huhama. Njia salama zaidi ni vizimba kadhaa kwa kila kundi, baada ya kuwachanganya kabla ya jaribio.

Kwa mdomo, panya wa gramu 20 hupewa 0.2 mL, dozi ya 50 mg/kg ni 1 mg. Utumbo uliochomwa na mionzi haufyonzi kama wa panya mwenye afya, basi pima damu kwa panya waliopandikizwa.

Panya wakinusurika, hakikisha seli za damu ni za mtoaji, kwa kutazama alama za juu ya seli: H-2Kb ya mtoaji dhidi ya H-2Kd ya mpokeaji. Pandikizi lililokataliwa nalo linaweza kuacha panya wanaoonekana wenye afya, uboho wao wenyewe ukirudi. Halafu rudia jaribio ukiwa umewadunga seli za A20, limfoma (saratani ya seli za kinga) ya panya BALB/c. Seli T za mtoaji huua pia mabaki ya saratani: dawa inayotuliza seli T hadi saratani ikarudi haijamsaidia mgonjwa.