Re: Nimefuta ingizo la peji lakini koa ingine bado inasoma data ya zamani

Msee umesema ulifuta ingizo kwenye jedwali la peji (ile orodha inatafsiri adresi ya vachuali, yaani ile programu inatumia, kuwa adresi halisi ya memori), ukaita invlpg (amri ya kufuta tafsiri ya peji moja), na bado koa ya pili (koa ni kiini kimoja cha prosesa) inaona data ya zamani. Hiyo ni kawaida kabisa kwa x86, juu invlpg inasafisha TLB (kashe ndogo ya kila koa inayokumbuka hizo tafsiri) ya ile koa imeiita pekee, zingine hazina habari. Kwa kawaida lazima utume intarapti (ishara ya kukatiza koa ifanye kazi ingine) kwa kila koa inatumia hiyo memori, kila moja ifute tafsiri yake, na ungoje zote zijibu KABLA uachilie peji. Hapo kwa kungoja ndio watu wanaharakisha, alafu peji inapewa prosesi ingine na kuna koa bado inaandika ndani yake kupitia tafsiri ya zamani, hilo ni shimo la usalama manze, si bagi ya kupuuza. Na usingoje ukiwa umezima intarapti, koa mbili zikitumiana intarapti kwa wakati mmoja zitangojeana milele.

Kashe ya data kwa x86 hadiwea inajipanga yenyewe. Lakini kuna prosesa zingine kashe yao inafuata adresi ya vachuali, ndio maana Linux imeweka mpangilio: flush_cache_range, alafu ubadilishe jedwali, alafu flush_tlb_range. Kashe inaanza kwa sababu baadhi yao zinahitaji tafsiri iwe bado hai ndio ziweze kusafisha.

Ukihamia ARM ya biti 64, tlbi (amri yake ya kusafisha TLB) ya aina ya "is" inatangaziwa koa zingine bila intarapti, lakini weka dsb (amri ya kungoja kazi za memori zilizotangulia ziishe) kabla na baada yake.