Barua kwa mwanangu: Mwalimu, kalamu na misa ya asubuhi

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza kuhusu Mwalimu Nyerere: mtu aliyepandishwa kizimbani kwa sababu ya maandishi, tena mtu wa misa kila asubuhi, aliwezaje baadaye kutawala kwa sheria ya kufungia magazeti? Wenzako wa chumba cha habari wanamwita mnafiki. Hapo siafikiani nao, ingawa sitamtetea kwa kila kitu.

Tuanze na kesi, maana wengi wenu hamuijui. Mwaka 1958 Sauti ya TANU, kijarida alichokihariri Nyerere mwenyewe, kiliwashutumu ma-DC wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, kwa kutumia vibaya madaraka yao dhidi ya chama. Akashtakiwa kwa kashfa. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, yuleyule aliyemtetea Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, Kenya. Hakimu akamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Angeweza kwenda jela akatoka shujaa, kama Nkrumah wa Ghana. Alilipa. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, na nchi ilikuwa na joto. Ukitaka kumwelewa, anzia hapo: kwake gazeti lilikuwa chombo cha kudai uhuru wa taifa zima. Uhuru wa mwandishi ulifuata nyuma.

Imani nayo aliibeba vivyo hivyo. Alibatizwa akiwa kijana mkubwa, mwaka 1943, lakini waliompokea Dar es Salaam na kumjengea TANU wengi wao walikuwa Waislamu wa Kariakoo na Gerezani, na udini katika siasa hakuuvumilia hadi uzeeni. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll, New York, bila kuwapaka mafuta, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayomdhalilisha mtu, litapoteza maana mbele ya watu. Maaskofu wengine wasingethubutu!

Mwaka huohuo serikali ilitaifisha gazeti la The Standard. Mwalimu akaandika mwongozo kwamba gazeti liwe huru kuikosoa serikali, akamweka Frene Ginwala kuwa mhariri. Ila mhariri mkuu alikuwa Rais, yaani yeye mwenyewe. Ginwala hakumaliza miaka miwili. Tahariri moja kuhusu mauaji ya Sudan chini ya Rais Nimeiry, akaondolewa.

Kwa maoni yangu, dhamiri yake ilikuwa safi mno kiasi kwamba hakuiogopa. Alijipima kila asubuhi mbele ya Mungu wake, akaona madaraka yako salama mikononi mwake. Hata alikiri kwamba katiba ilimpa uwezo wa kutosha kuwa dikteta. Lakini dhamiri hairithiwi, mwanangu. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilirithiwa. Mwalimu alifariki 1999. Julai 2012 gazeti la MwanaHalisi likafungiwa kwa sheria hiyohiyo, na haikufutwa mpaka 2016, ilipokuja nyingine ambayo ninyi mnaijua makali yake kuliko mimi.

Kwa hiyo katika makala yako usimwite mnafiki. Andika kwamba aliwaachia wengine kufuli na ufunguo, kisha uwahoji waliofungiwa, si wanasiasa tu. Isikilize pia hotuba yake kwa waandishi pale Kilimanjaro Hotel, Machi 1995, ile ya nyufa za taifa. Ameshastaafu, hana cheo, na anaisema serikali waziwazi mbele ya kalamu zenu.

Baba anakusalimu. Rasimu nitumie kabla hujaipeleka kwa mhariri.

Mama yako