Kusafisha sarafu za kale bila kuibandua patina

Sarafu ya kale ya shaba haitakiwi kung'aa. Nalisema hili mapema kwa sababu maswali mengi ninayoulizwa huanzia hapo: nitumie siki? Ndimu? Soda? Dawa ya meno? Hapana, zote. Asidi haibagui. Itakula uchafu, itakula patina, kisha itaigeukia sarafu yenyewe, na utabaki na kipande chekundu chenye vishimo ambacho mkusanyaji atakirudisha mezani bila hata kuuliza bei. Dawa ya meno nayo ina chembechembe za kukwangua.

Patina ni ile ngozi ambayo shaba na bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) hujijengea zikikaa ardhini miaka mingi: chini kuna oksidi yenye wekundu wa kahawia, juu yake kijani cha malakiti, madini ya shaba. Wengi hawajui kwamba katika sarafu nyingi zilizofukuliwa, nywele za kaisari na herufi za jina lake haziko tena kwenye metali. Zimo ndani ya patina. Metali ya chini imeshaliwa zamani, kwa hiyo ukibandua patina umebandua na sura.

Mimi huanza na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri, ila hakikisha ni maji matupu yasiyo na asidi. Ya bomba mara nyingi huwa na klorini, nayo ni adui wa shaba. Loweka, badilisha maji yakichafuka, piga mswaki laini kidogo, rudisha. Wiki kadhaa, pengine miezi. Mafuta ya zeituni yana mashabiki wengi, lakini siyapendi: yana asidi zake, na sarafu ikikaa humo muda mrefu patina huanza kuguswa.

Baada ya hapo ni kazi ya mikono, na ndiyo ninayoipenda. Kwa anayejifunza, tafuta visarafu vya Constantine, kaisari wa Roma, vya miaka ya 330, vile vyenye askari wawili na bendera za jeshi katikati yao. Vilitengenezwa kwa wingi mno, havina thamani ya kutisha. Udongo hung'ang'ania zaidi katikati ya miguu ya askari na kuzunguka mikuki. Naweka sarafu chini ya hadubini ya kukuza mara 10 hadi 20, nadondosha tone la maji, kisha nasukuma udongo kwa ncha ya kijiti cha mwanzi nikikilaza, bila kuchimba. Angalia rangi ya unga unaotoka. Ukiwa wa udongo, endelea. Ukigeuka kijani, au doa jekundu likachungulia, acha papo hapo, umeshaingia kwenye patina. Udongo kidogo uliobaki mkunjoni hauniudhi, na mara nyingine unasaidia herufi kusomeka.

Sarafu za Roma za mwishoni mwa karne ya 3 zitazame kwa makini zaidi, maana nyingi zilipakwa utando mwembamba wa fedha ambao asidi huufuta mara moja. Fedha ya kale huwa tete; ikidondoka sakafuni inaweza kukatika. Dhahabu inatosha maji na sabuni laini. Ya risasi usiiloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yanaila. Na kama sarafu ni adimu kweli, mpelekee mhifadhi mwenye ujuzi.

Kuna kijani kimoja kisichostahili heshima: unga mwepesi, wa kijani kilichopauka, unaotoka ukigusa kwa kijiti. Huo ni ugonjwa wa bronzi. Kloridi zilizojificha ndani zinapokutana na unyevu na hewa, sarafu hujila yenyewe. Itenge na nyingine, kwangua unga huo, iloweke kwenye myeyusho wa seskikaboneti ya sodiamu (chumvi ya alkali isiyo kali), kisha isuuze sana kwa maji yaliyotoneshwa. Rangi ya patina inaweza kubadilika kidogo, lakini hapo sina huruma, kwa kuwa ukiuacha ugonjwa hutakuwa na patina wala sarafu.

Ikaushe kabisa, halafu usikimbilie kupaka nta. Iweke juu ya karatasi nyeusi wiki kadhaa. Ikidondosha hata chembe chache za kijani, irudishe kwenye myeyusho. Karatasi ikibaki safi, paka nta kidogo ya kuhifadhia, Renaissance Wax kwa mfano, iliyobuniwa British Museum miaka ya 1950, kisha ihifadhi pakavu pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu.