Rangi Isikudanganye: Kwa Wanaoanza Kusoma Mawe na Metali za Kale

Wengi wanaoanza fani hii huja na orodha ya majina: akiki, feruzi, jedi, obsidiani, shaba, bronzi. Majina utayazoea tu. Kinachochelewa ni mkono kujua kila kitu kinavyokubali au kukataa kufanyiwa kazi, na bila hapo hutaelewa kwa nini watu wa kale walichagua jiwe hili wakaacha lile.

Anza kwa kutenganisha ugumu na uimara. Kipimo cha Mohs kinakuambia jiwe gani litakwaruza lipi, basi. Gumegume liko kwenye 7, jedi aina ya nefraiti kati ya 6 na 6.5, kwa hiyo mgeni hudhani gumegume ndilo litakalostahimili zaidi. Chukua nyundo uyagonge yote mawili. Gumegume litameguka vipande vyenye makali. Nefraiti itaidundisha nyundo, kwa kuwa ndani yake madini yamekaa kama nyuzi zilizofumana. Ndiyo maana Wamaori wa New Zealand walichonga patasi na vidani kwa jiwe hilohilo. Obsidiani nayo ni kioo cha volkano, haizidi sana 5, ila ukingo wake mpya unaushinda wembe wa chuma. Usiupime kwa kidole. (Nasema, lakini najua utaupima.)

Ukipewa ushanga wa jiwe, achana na uso wake, tazama tundu. Mulika kutoka upande wa pili na utumie lenzi. Tundu la keekee ya jiwe mara nyingi ni pana midomoni na jembamba katikati: fundi alitoboa nusu, akaugeuza ushanga, akaja kukutana na kazi yake mwenyewe. Pale penye makutano, mara nyingi utakuta kijiukingo kwa sababu tundu mbili hazikulingana sawasawa. Ushanga mrefu wa akiki wa Bonde la Indus, ustaarabu wa kale wa Pakistan na India ya leo, ulimchukua fundi siku kadhaa kuutoboa tu. Na ule wekundu wake unaousifia? Mara nyingi umetokana na moto, uliobadilisha madini ya chuma yaliyomo ndani ya jiwe.

Kwa upande wa metali, jitafutie kipande cha shaba na kitu cha kufulia juu yake. Kifue kwa nyundo kikiwa baridi. Mwanzoni kitatandazika bila ubishi, kisha sauti itapanda, nyundo itaanza kudunda, na ukikaidi kingo zitapasuka. Kiweke motoni kiive wekundu hafifu, kitalainika tena, na bado uko mbali na 1085°C inapoyeyuka. Fanya hivyo mpaka usikie badiliko kabla ya kuliona. Hapo ndipo shoka la Ötzi, yule mtu wa miaka 5,300 hivi iliyopita aliyekutwa kwenye barafu ya Alps mwaka 1991, litakupa maana: ni shaba karibu tupu, bila bati. Bati kiasi cha sehemu 10 hivi kwa mia huipa shaba ugumu na kuishushia joto la kuyeyuka; mchanganyiko huo ndio bronzi.

Dhahabu sikai nayo sana. Inang'aa, haipati kutu, na huokotwa ikiwa tayari metali, ndiyo maana makaburi ya Varna, Bulgaria, yalijaa vito vyake zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Kwa zana za kukatia ni laini mno.

Chuma cha kale sana kiulizie nikeli. Kisu cha Tutankhamun, farao wa Misri, kina karibu 11 kwa mia, alama kwamba chuma chake kilitoka kwenye kimondo.

Halafu vumbi. Gumegume na akiki ni silika, na silika huharibu mapafu polepole bila kukuumiza siku ya kwanza. Jiwe lisuguliwe likiwa na maji, miwani iwe usoni unapomegua, na malakaiti, yenye shaba ndani, usiisage bila barakoa. Ukimaliza usifagie meza. Ipanguse kwa kitambaa kibichi.