Kigari cha watoto wawili: ununue au ubaki na cha kiti kimoja?

Hongera mama. Umesema mkubwa ana miaka miwili na nusu, mdogo yuko njiani, na hujui kama ununue kigari cha viti viwili. Mimi ningeanza na swali moja: huyo mkubwa anatembea umbali gani kabla hajaanza kulia abebwe? Kama ni mtembeaji, huenda kigari ulicho nacho kinatosha. Mtoto mchanga umfunge kwa mbeleko, mkubwa akichoka akae. Kuna pia kibao chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya kigari, mkubwa anasimama juu yake. Vingi hubeba hadi kilo 20, ila hapo hawezi kusinzia.

Kama bado anasinzia njiani, basi viti viwili. Vya ubavu kwa ubavu husukumika vizuri na watoto wanaonana (na kuvutana nywele, jiandae), lakini ni vipana, kwa hiyo pima milango yako kwanza. Vya mbele na nyuma hupita kwenye nafasi nyembamba, ila ni virefu, na kuvipandisha kwenye ukingo wa barabara ni kazi kweli.

Rangi na mifuko achana navyo. Kiti cha mtoto mchanga lazima kilale kabisa, maana shingo yake bado haina nguvu na akikaa wima kichwa kinaweza kuanguka mbele na kumbana pumzi. Halafu kabla ya kulipa, kikunje kwa mkono mmoja, ule mwingine ujifanye umebeba mtoto.